Wodi Iliyovaa Aproni

Hapa Tunduma ninapoishi, vikombe vyangu havijawahi kutulia kabatini. Nyumba niliyopanga iko karibu na barabara ya mpakani, na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huanza kuunguruma kabla jua halijapanda. Likipita moja lililoshiba mzigo, vikombe vinagongana na kioo cha dirisha la jikoni kinalia. Wageni wangu hawashtuki. Mimi, mtu mzima, mkunga wa miaka mingi, huacha ninachofanya nikatazama jagi la maji mezani.

Baba ndiye aliyenifundisha kutazama maji. Alisema lori lina adabu, linapiga hodi: unalisikia linakuja, linapita, linakwenda zake. Tetemeko la ardhi halipigi hodi. Linaanzia chini ya miguu yako, na maji ya chombo yanakwenda upande huu na upande ule ilhali hakuna aliyeyagusa. "Ukiona maji yanacheza na barabarani kimya, toka nje," alisema. Sasa naishi mahali ambapo barabarani hapajawahi kuwa kimya, na elimu yake yote imebaki kunitia wasiwasi wa bure. Natamani angekuwepo anicheke.

Alikuwa fundi mwashi, milimani Ileje. Kwake yeye nyumba ilikuwa mtu, na kujenga kulikuwa kuvisha. Msingi ni viatu, bati ni kofia, lipu ni shati. Na ule ukanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, ambao mafundi wenzake waliuita linta, yeye aliuita mkanda, na kwenye mkanda hakuwa na mchezo hata kidogo. "Mtu asiye na shati ataona haya tu," alisema. "Asiye na mkanda, siku akilazimika kukimbia mtamwona yote." Mama alimkaripia kwa kusema hivyo mbele yetu watoto, naye akajifanya hajasikia.

Kwetu ardhi hutikisika. Si kila siku, wala si kwa namna ya kutangazwa redioni, lakini kila mtu mzima anakijua kile kishindo kinachotoka chini. Nilipokuwa mdogo, likipita tetemeko mama alishika chungu kisimwagike, sisi tukakimbilia uani, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Baba ndiye ambaye hakurudi kwenye yake. Kesho yake asubuhi alizunguka kijiji kizima bila kuitwa na mtu, amebeba kikopo cha uji mzito na karatasi alizochana kwenye madaftari yangu ya zamani. Kila alipoona ufa ukutani alipaka uji, akabandika karatasi kuukatisha ule ufa. Baada ya wiki alipita tena. Karatasi ikiwa nzima, alimwambia mwenye nyumba alale usingizi wake. Ikiwa imechanika, alisema ufa unatembea, na chumba kile kikahamwa siku hiyohiyo. Hesabu zangu za darasa la tatu zilikaa kwenye kuta za majirani miaka na miaka, pamoja na makosa yake yote.

Niliporudi kijijini nikiwa nesi, zahanati yetu ilikuwa na jengo moja la zamani, na akina mama walijifungulia nyuma ya pazia kwenye chumba kilekile tulichofungia vidonda. Kijiji kikaamua kujenga wodi ya wazazi. Wanawake walibeba mchanga na mawe kutoka mtoni, wanaume wakafyatua tofali na kuzichoma, na saruji ikaletwa na gari. Fundi mkuu alikuwa baba yangu, na mimi ndiye niliyesubiriwa kuhamia humo. Nilitembea na kichwa juu njia nzima ya kwenda kazini.

Nilikuwa nimesomea mjini. Nilikuwa nimeona wodi zenye kuta nyeupe ambazo unazifuta kwa kitambaa na dawa, zikang'aa. Niliitaka lipu, nikaitaka rangi, na sikuwa mjinga kuitaka, maana tofali tupu hushika vumbi na damu. Lakini baba alitaka mkanda uzunguke kuta zote, za nje na za ndani, wenye nondo nne badala ya mbili, na saruji itakayobaki ijenge mnara wa tangi la maji: nguzo nne za zege na mkanda wake juu. Ukivifanya hivyo vyote, lipu hakuna. Tuligombana nyumbani kwa siku kadhaa, kwa sauti ya chini, mama akiwa katikati anachambua maharage.

Kosa langu ni kwamba niliuhamishia ugomvi ule mkutanoni. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa mbele ya ofisi ya mtendaji, nami nikasimama nikiwa na sare yangu. Nikasema, "Baba yangu anajenga ngome. Sisi tuliomba wodi. Hebu aseme, matetemeko yote haya yamevunja nini hapa zaidi ya vyungu?"

Watu walicheka. Nilikuwa nimetaka wacheke, na walipocheka nilifurahi. Baba alisubiri kicheko kiishe, akamwuliza mwenyekiti, "Nesi amemaliza?"

Mpaka siku ile hakuwahi kuniita nesi. Nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita mama. Mama njoo, mama lete mwiko, mama umekula? Kuanzia mkutano ule nikawa nesi.

Kijiji kikachagua njia ya kati. Mkanda ujengwe, kwa kuwa nondo zilikuwa zimeshakatwa, lakini saruji iliyobaki ipige lipu, na tangi likalishwe juu ya nguzo za miti. Nilikuwa nimeshinda. Saruji yenyewe ilitosha chumba cha kujifungulia na ukuta wa mbele, basi. Baba aliupiga ule ukuta wa mbele kwa mikono yake, ukanyooka ukawa laini, wala hakufanya kwa hasira. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akasema ili wote tusikie, "Haya, nimeivalisha aproni. Mbele safi, nyuma wazi, kama nesi alivyotaka." Jina likaganda hapohapo. Hadi leo wanawake wa kwetu hawasemi wanakwenda zahanati kujifungua. Wanasema wanakwenda Aproni.

Jioni ya siku ile ndipo nilipojua kiasi nilichomuumiza. Tangu nilipopata nguvu ya kunyanyua jagi, kazi ya kumnawisha baba mikono ilikuwa yangu. Kila jioni alirudi na mikono imekauka kwa saruji, akaikinga juu ya beseni, nami nikamwagia taratibu huku akinihadithia ukuta wa siku hiyo. Lilikuwa jambo letu wawili. Jioni ile nilisimama na jagi kama kawaida, naye akanipita, akaenda kwenye ndoo, akachota kwa kopo na kujimwagia mwenyewe mkono mmoja baada ya mwingine. Mama alinitazama. Nikarudisha jagi mezani nikijifanya nina kazi nyingine.

Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele, nami sikuwa mtu wa kuomba radhi. Tulifanana, na hilo ndilo lililotuponza. Muda si mrefu alipata kazi Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, kujenga maghala ya mpunga. Alirudi wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, na Krismasi. Alinisalimu vizuri, aliniuliza habari za kazi, akaniita nesi, akanawa mwenyewe. Kila alipoondoka nilijiapia kwamba safari ijayo nitamwahi na jagi kabla hajaifikia ndoo. Hivyo hivyo ikapita miaka mitatu.

Siku ya tetemeko ilikuwa siku ya kliniki, kabla ya saa sita mchana. Akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wamekaa nje kwenye nyasi, na ndani ya wodi nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa akijifungua mtoto wake wa pili. Nilikuwa nimeinama nikimwambia asukume. Kwenye kigari cha vifaa kulikuwa na bakuli la maji, na nikaona maji yanakwenda upande huu na upande ule. Barabarani kimya.

Toka nje, baba alisema. Lakini unatokaje nje, kichwa cha mtoto kimeshaonekana? Nikamkumbatia yule mama miguu, tukabaki.

Sijui lilidumu muda gani. Kitanda kilitembea na magurudumu yake hadi ukutani. Kabati la dawa, ambalo kwa muda wote ule sikuwahi kufikiria kulifunga ukutani hata kwa waya, lilianguka kifudifudi na chupa zikapasuka. Jengo la zamani lilitoa sauti nzito upande wa pili wa uwanja. Ukuta wake wa pembeni ulikuwa umelala chini. Kisha kukawa na kishindo kingine nyuma ya wodi, karibu kabisa, na maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Nikadhani mto umehama. Lilikuwa tangi. Nguzo za miti zilikuwa zimekwenda chini nalo, likapasuka, na maji yote ya zahanati yakanipita miguuni.

Kuta zilibaki. Niliziangalia nikiwa nimepiga magoti pale. Ufa mwembamba ulipanda kutoka kwenye kona ya dirisha, ukafika kwenye mkanda, ukaishia hapo. Mlango ulifunguka na kufungwa kama siku zote. Mtoto alizaliwa dakika chache baadaye, wa kike, akalia vizuri.

Ni mama yake ndiye aliyenitia hofu, kwa sababu damu haikukata. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, nikajua kwamba anahitaji kufikishwa kituo cha afya ng'ambo ya bonde, penye daktari na chumba cha upasuaji. Simu hazikushika. Tukamtuma mwenye bodaboda akaite gari la wagonjwa. Mengine nilihadithiwa baadaye, na hata leo yananipandisha hasira: gari lilikuwa zima, mafuta yamo, dereva amesimama na funguo mkononi, na banda linamolazwa lilikuwa limepinda kidogo tu, likaubana mlango wake wa chuma usifunguke. Wanaume walibomoa ukuta ili kulitoa gari. Wanafunzi wanaoletwa kwangu kujifunza kazi huwa wananishangaa ninapowauliza banda la gari lina mlango wa namna gani. Wacha wanishangae.

Kwa hiyo tukasubiri. Maji yaliyobaki yalikuwa nusu ndoo, ile yenye koki tunayonawia mikono. Wanawake walikimbilia chemchemi wakarudi na tope; baada ya mtikisiko ule maji yalikuwa yametoka mekundu, hayafai hata kuoshea sakafu. Nusu ndoo ile ilikuwa ya kunawia kila nilipomgusa, ya kusafishia vifaa, na ya kumnywesha, maana alikuwa na kiu kali. Nilichota kwenye jagi dogo na kupima kwa macho kila tone. Na kila tone lilinikumbusha nguzo nne za zege ambazo saruji yake ilikuwa mbele ya jengo, laini na nyeupe, inapendeza.

Baba alikuwepo kijijini. Alikuwa amekuja kuvuna mahindi. Kumbe alipita kwanza kwenye jengo la zamani, akaondoa tofali kwa mikono mpaka alipohakikisha hakuna mtu chini, kisha akaja Aproni. Alipoingia hakunitazama mimi. Alitazama juu, akaufuata mkanda kwa macho ukuta hadi ukuta, akaweka kiganja pale ufa ulipokomea na kukiacha hapo kidogo. Ndipo akauliza kwa sauti ya chini, "Mzazi anaendeleaje?"

"Damu, baba. Tunasubiri gari."

Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo, nina jagi mkononi. Mikono yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la tofali, na kidole kimoja kimechubuka kinatoka damu. Akaniona nikiitazama mikono yake. Akasogea, akaikinga mbele yangu, viganja juu, kama zamani.

Miaka mitatu niliisubiri mikono ile. Na nikasita. Nilimtazama yule mama kitandani, nikatazama jagi, nikatazama mikono ya baba yangu, wala sikumwaga. Hata tone.

Baba alielewa. Alirudisha mikono yake, akaifuta kwenye suruali. Hakukasirika, uso wake nauona hadi sasa, haukuwa na hasira. "Hayo ni maji ya mzazi, mama," alisema. "Usiyaguse."

Mama. Nilisikia. Nikataka kumwambia yote, kwamba mkanda umetuokoa, kwamba tangi ni dhambi yangu, kwamba nilitaka watu wacheke na walipocheka nilifurahi. Nikasema tu, "Nitakunawisha jioni, baba." Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kukagua nyumba za watu.

Gari la wagonjwa lilifika jua likizama. Nilipanda na yule mama na kichanga chake, nikamshika mkono njia yote ya bonde. Alipona. Mtoto yule sasa anasoma, na mama yake hunitumia salamu kila apatapo mtu wa kuja Tunduma. Nilikaa naye kituoni siku mbili, kwa kuwa majeruhi walikuwa wengi na mikono michache.

Niliporudi nyumbani baba alikuwa ameondoka. Kule Kamsamba ghala moja lilikuwa limefika usawa wa madirisha, na hakutaka mtu mwingine alifungie mkanda. Mama aliniambia alikuwa amebandika karatasi zake kijiji kizima. Akaniambia pia kwamba jioni ile ya tetemeko alikataa kula mapema. Alikaa uani na beseni karibu, akasema, "Mama anakuja kuninawisha." Alisubiri mpaka giza lilipoingia vizuri, ndipo akanawa.

Homa ilimpata hukohuko Kamsamba, kabla ya msimu wa kupanda. Tuliletewa akiwa amelala kwenye gari, amefunikwa shuka. Waliomwosha ni wanaume wa ukoo, kama ilivyo desturi. Mimi nilikaa na wanawake ndani, nikasikia maji yakimwagika upande wa pili wa ukuta, yanamwagwa na watu wengine. Sijawahi kuwa na wivu kama ule.

Mwaka huu nilipanda kwenda kumtazama mama, nikapita zahanati. Walioko pale sasa ni wageni, nami sikujitambulisha. Wodi imepigwa lipu pande zote na kupakwa rangi, lakini jina haijabadilisha. Niliwasikia wanawake wawili getini wakiitaja. Mkanda hauonekani tena, uko chini ya shati. Nilipapasa juu ya dirisha mpaka nikapajua mahali pake. Nyuma wamejenga mnara wa tangi, nguzo nne za zege, na juu umefungwa vizuri. Kazi ile niliitambua kwa jinsi pembe zilivyokatwa: ni vijana aliowafundisha yeye.

Chini ya mnara kuna koki. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mkono mmoja niliuweka nyuma, kama nilivyozoea nikimnawisha, kwa wa pili nikaifungua, na maji yakatoka mengi, safi, yakaanguka chini mahali ambapo mtu angekinga mikono. Niliyaacha. Nilikuwa nalia, na sikuona aibu.

Nesi mmoja, binti mdogo mwenye sare iliyonyooka, alichungulia dirishani. "Shikamoo mama," aliniita. "Samahani, funga koki. Hayo maji ni ya wazazi."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Najua. Ni ya mzazi."